Pikapu ya Shemeji Ilipogoma Njia ya Mbale

Watu wa Jinja wananiita afande, na mimi sijawahi kuvaa gwanda hata la skauti. Kosa langu ni Kiswahili tu. Baba yetu alikuwa dereva wa malori kutoka upande wa Kenya, akanaswa na mama yetu hapa Jinja, asirudi tena. Nyumbani Nalufenya tulizungumza Kiswahili kutwa nzima, mimi na dada yangu. Huku ukisema Kiswahili kilichonyooka, watu wazima wanakaa sawasawa kwenye viti, wanakumbuka mabuti ya askari, maana hapa Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Nimezoea. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, nina mdomo na nina hasira za karibu, kwa hiyo labda jina limenifaa.

Nataka kueleza siku tuliyompeleka shemeji yangu kuzikwa. Alikuwa mume wa dada yangu na baba wa watoto wake, Mgisu wa Mbale aliyeishi Jinja tangu ujana mpaka mauti. Alikuwa na pikapu ya zamani ya Kiingereza, yenye pua ya mviringo, ambayo mpaka leo inatumia dainamo. Wenye magari ya siku hizi hawajui dainamo ni mdudu gani. Ni kipipa cha chuma kinachozungushwa na mkanda wa feni. Kikizunguka kinatengeneza umeme, na umeme unakwenda kulisha betri. Dainamo ikilala, betri inakula akiba yake mpaka inakwisha, na injini ya petroli bila umeme ni jiko lisilo na moto. Ni hayo tu. Sina uvumilivu na watu wanaoligeuza jambo hili kuwa la miujiza, na siku hiyo niliwapata wengi.

Shemeji alikuwa akibeba mukene, wale dagaa wa ziwani, kutoka Masese kwenda masokoni. Pikapu ilinuka mukene ndani na nje. Nilikuwa nikimtania kwamba paka wote wa Jinja wanajua namba ya gari lake. Nikamwambia auze chuma hicho, anunue kitu cha watu. Alicheka, akasema, "Siku yangu ikifika, hili ndilo litakalonibeba." Alisema hivyo mbele ya watu mara nyingi mno, kwa hiyo alipofariki hakuna aliyebisha habari ya gari. Mabishano yalikuwa juu ya mahali pa kumzika.

Dada yangu alitaka azikwe Jinja. Alisema mara moja tu, kwenye kikao cha msiba, kwa sauti ndogo. Baba mdogo wa marehemu, mzee aliyetoka Mbale kuja kusimamia mambo, alimjibu bila ukali wowote. "Mama, ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini." Hapo hapo wifi yake, yaani dada wa marehemu, akadakia kwamba mke anayemzuia mume asirudi kwao ana lake jambo. Watu wakaguna. Dada yangu akainamisha kichwa.

Mimi niliguna pia, kwa sababu nyingine. Nilijua wifi anatafuta mahali pa kumshika. Na huku kwetu, si kwa Wagisu peke yao, lipo jambo moja linalotosha kumfunga mjane: gari la jeneza likigoma njiani. Watasema maiti amekataa kwenda. Maiti akikataa, basi ana kinyongo na mtu, na mtu huyo atatafutwa pale pale barabarani mbele ya wote. Kila mwenye neno na marehemu husogea kwenye jeneza akasema naye, na gari likiwaka baada ya maneno ya fulani, huyo fulani ndiye. Akiwa mjane, amekwisha. Hatakuwa na kiti katika ukoo, na watoto wake hawatakuwa na mdomo juu ya ardhi ya baba yao.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: pikapu ifike Mbale bila hata kukohoa. Nilibadilisha mkanda wa feni. Niliweka betri mpya kwa mkono wangu na nikakaza kila kichwa cha waya. Tuliosha nyuma kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka, na bado ilinuka mukene. Dada yangu alitoka nje akatusaidia kumwaga maji, kisha akabaki pale pale uwanjani na gari sisi tulipoingia kula. Nilidhani anaaga.

Sasa, kwenye dashibodi ya magari hayo ipo taa ndogo nyekundu. Ukifungua swichi, inawaka. Injini ikishika mwendo, taa inazima, na kuzima kwake ndiko kunakokuambia dainamo inalisha betri. Asubuhi ya safari nilipofungua swichi, taa haikuwaka kabisa. Siku nyingine ningeshuka papo hapo. Lakini jeneza lilikuwa limekwisha pandishwa, wanawake wanalia, mzee ameshika mlango ananihimiza, basi dogo la waombolezaji linanguruma nyuma yangu. Nikajiambia ni globu imeungua, mambo ya globu yatangoja. Injini ikaitika vizuri, tukaondoka na matawi mabichi tumeyafunga mbele, taa kubwa zinawaka mchana kweupe kama inavyotakiwa kwa msafara wa msiba.

Dada yangu alikaa pembeni yangu. Alikuwa na leso mkononi lakini halii. Tulipoingia Iganga aliniuliza, "Kaka, betri hii ni ile yake ya zamani?"

"Mpya," nikasema. "Nimemwekea mpya kabisa. Sikutaka aibu."

Akageukia dirishani. Nikaona bega lake limeshuka, nikafikiri ni uchungu, nikampapasa mkono. Mkono ulikuwa baridi.

Tuliiacha Iganga na tukakunja kuelekea Tirinyi. Karibu na Namutumba nilipiga honi kumfukuza mbuzi barabarani, na honi ikatoka imekauka, kama mtu mwenye mafua. Honi ikikauka ni betri inalalamika. Betri mpya hailalamiki ikiwa inalishwa. Nikazima taa kubwa pale pale ili kuokoa umeme kidogo uliobaki.

Nyuma yangu basi likaanza kupiga honi, pii pii, bila adabu. Simu ya dada yangu ikalia. Aliyepiga ni yule mzee, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu. "Mwambie shemeji awashe taa. Tunabeba mtu, hatubebi viazi."

"Mwambie dainamo hailishi," nikasema.

Dada yangu hakumwambia hivyo. Alisema, "Ndiyo, baba," akakata simu, akanitazama. "Washa tu, kaka."

Mbona niliwasha? Nimejiuliza sana. Ukweni ni ukweni. Unaweza kuwa na mdomo kama wangu na bado ukanywea mbele ya wakwe wa dada yako. Niliwasha, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaanza kusikiliza injini kama unavyosikiliza pumzi ya mgonjwa. Kila ilipokosa mpigo mmoja nilihisi kwenye meno. Nilikuwa nikiomba na kutukana kwa pamoja. Nilihesabu vilima vilivyobaki, nikaona vinaweza kutosha, nikaona haviwezi, nikaona vinaweza.

Ikazima juu ya tuta la Mpologoma, katikati ya kinamasi, mafunjo upande huu na mashamba ya mpunga upande ule. Ilikohoa, ikaruka kidogo, ikanyamaza. Nikaivuta pembeni kwa mwendo uliobaki, karibu na mahali watu walipoanika mpunga juu ya maturubai. Walioanika wakasimama, wakavua kofia. Basi likasimama nyuma yetu na likamwaga watu wote.

Nilishuka nikiwa tayari na maneno. "Msiseme kitu," nikasema kabla hawajasema. "Hii ni hitilafu ya umeme. Dainamo hailishi betri, na taa kubwa zimemaliza akiba. Nipeni nafasi, nitaitafuta hitilafu na nitawaonyesha kwa macho yenu."

Mzee alivua kofia yake akaishika kifuani. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitia hofu kuliko makelele. "Shemeji, wewe ni fundi, sawa. Lakini hii gari iko na maneno. Jana imewaka vizuri. Leo asubuhi imewaka vizuri. Sasa tumebakiza kidogo kufika, inakataa. Huyu mtu wetu iko kitu anataka."

"Anachotaka ni dainamo, mzee."

Wifi alikuwa amekwisha toa simu, ananirekodi. "Haya, afande," akasema, "tuonyeshe hiyo hitilafu. Tunangoja. Na ukiikosa, tutajua pa kuuliza." Hakumtazama dada yangu aliposema hivyo. Hakuhitaji.

Nikafungua boneti, nikaanza kazi mbele yao wote, nikisema kila nilichofanya kwa sauti ili simu ile ipate kila neno. Mkanda wa feni: nikaubonyeza kwa kidole gumba, umekaza, unazungusha kama kawaida. Kisanduku kinachopokea umeme wa dainamo na kuupitisha kwenye betri: nikakifungua, vidomo vyake vya ndani safi, havijaungua. Vichwa vya betri: vimekaza kama nilivyoviacha. Wakati huo mzee alikuwa amesogea kwenye jeneza, ameweka kiganja juu ya ubao, anasema na marehemu kwa Kigisu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgeni apokee chakula. Alipomaliza akaniashiria. Nikajaribu swichi. Injini haikugeuka hata nusu.

Halafu wifi akasogea. Alilia kweli, sitasema uongo; alikuwa amempoteza kaka. Alimwambia kama kuna lolote alilomkosea asamehe. Akaniashiria na yeye. Nikajaribu tena. Kimya.

Wote wakageuza nyuso upande mmoja.

"Bado mke," mtu akasema.

Hapo ndipo nilipouona mtego mzima. Dada yangu akisema na pikapu ikawaka, ni yeye aliyekuwa na neno na mumewe. Akisema isiwake, anaficha jambo zito zaidi. Hakuwa na pa kutokea isipokuwa mimi nipate hitilafu kabla hajafungua mdomo. "Mngojeeni!" nikafoka. "Sijamaliza!" Mzee akainua mkono kuwatuliza, nikajua nimepewa dakika chache na siyo zaidi.

Nikaikumbuka ile taa nyekundu. Nikaichomoa globu yake, nikaigusisha kwenye betri kwa vipande viwili vya waya. Betri iliyoshindwa kugeuza injini haikushindwa na kiglobu. Kikawaka, hafifu lakini kizima. Basi kumbe globu haikuungua. Na kama globu ni nzima na haiwaki, iko njia moja tu: waya unaotoka kwenye dainamo umeachia mahali. Nikairudisha globu mahali pake, nikafurahi mpaka nikacheka kwa sauti. "Nimekaribia," nikamwambia wifi, kwenye ile simu yake. "Kaa hapo hapo. Utaona na utamwonyesha kila mtu."

Dainamo ya gari lile imekaa chini, ubavuni mwa injini, na nyuma yake kuna waya mbili, mmoja mwembamba na mmoja mnene. Ule mnene ndio unaobeba umeme kwenda kwenye betri. Kutoka juu huuoni. Nikalala chali kwenye lami, nikajisukuma chini ya pikapu, nikapeleka mkono. Mwembamba upo. Mnene haupo. Kidole changu kiligusa kijiti kitupu cha shaba, na nati yake imefungwa tena vizuri juu yake, bila waya. Nikapapasa pembeni, nikaukuta waya umekunjwa nyuma ya bomba la maji. Nikauvuta nione umekatikaje.

Haukukatika. Kichwa chake kilikuwa kimeviringishwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimekazwa kwa uzi, na uzi umefungwa fundo la kurudi mara mbili.

Fundo lile nililijua. Baba yetu alikuwa na msemo kwamba waya ulio uchi ni nyoka. Ukiufungua popote, hata kama ni kwa muda wa kwenda kunywa maji, uuvike mpira kwanza, usije ukagusa bodi ya gari na kuwasha moto. Alitufundisha fundo lile mimi na dada yangu, tukiwa wadogo, yeye akiwa chini ya lori na sisi tumechutama pembeni tunamkabidhi spana. Mafundi wengine hutumia tepu. Fundo lile sijaliona kwa mtu mwingine Jinja nzima. Mwenye nia mbaya angeuchomoa tu waya akauacha uning'inie, na pengine pikapu ingeungua na mimi ndani yake. Huyu aliuchomoa na akahakikisha haitamdhuru dereva.

Nikageuza kichwa. Kati ya viatu vyote vilivyozunguka gari, viatu vya dada yangu vilikuwa karibu nami kuliko vyote, vyeusi, vimejaa vumbi la Nalufenya. Hakuinama. Hakuniuliza kitu.

"Afande!" wifi akaita. "Umepata?"

Haya sasa. Mimi ndiye niliyeapa kuwaonyesha kwa macho yao. Nikiwaonyesha waya uliovikwa mpira, hata mtoto ataelewa kwamba kuna mkono, na mjane ndiye aliyebaki uwanjani na gari. Nisipowaonyesha, anaitwa kwenye jeneza. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilimkasirikia dada yangu. Mwanamke mwenye akili zake, mke wa watu, anaharibu gari la maziko ya mumewe! Nilitaka kutoka pale chini nimwulize mbele ya wote. Badala yake niliukata uzi kwa meno, nikaubana mpira ule ndani ya shavu kama tumbaku, nikaurudisha waya kwenye kijiti chake na kukaza nati kwa vidole mpaka kucha ikavunjika. Spana nilikuwa nayo. Niliogopa wangesikia chuma.

Nilipotoka nilikuwa nimeloa jasho. Simu ya wifi ilinitazama usoni.

"Mzee," nikasema, "umesema kweli. Gari ni zima. Sijaona hitilafu yoyote."

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akamgeukia dada yangu, akafungua mdomo.

"Lakini si yeye," nikawahi. "Ni mimi."

Nikaenda kwenye jeneza kabla mtu hajaniuliza. Sijawahi kuamini mambo hayo. Nimewacheka watu kwa mambo hayo miaka yote, na leo nimeweka kiganja changu chenye grisi juu ya ubao na wakwe wote wananitazama. Mpira ulikuwa bado shavuni, nikausukuma chini ya ulimi. "Shemeji," nikasema, "ulinipenda, nami nikakudharau. Gari lako nililiita chuma chakavu mbele za watu. Nilikuambia uliuze. Ulinyamaza ukacheka, lakini naona liliingia moyoni. Nisamehe. Twende nyumbani."

Nilianza kwa kuigiza, na nilipofika kwenye "nisamehe" nikaanza kulia. Sijui yalitoka wapi. Nililia kweli kweli, makamasi na yote, na wifi akashusha simu.

Nikamwomba mzee watu wasukume, nikasema taa kubwa sitaziwasha tena kwa sababu marehemu ameshaonyesha hapendi. Alikubali haraka, siku hiyo ningeweza kumwambia lolote. Nilipofungua swichi, ile taa nyekundu iliwaka, kidogo tu, kama jicho la mgonjwa aliyeamka. Betri ilikuwa imepumzika na ilikuwa na tone la mwisho. Wakasukuma kwenye mteremko wa tuta, waombolezaji pamoja na wale wa mpunga, wanaume kwa wanawake. Nikaachia klachi. Ikashtuka, ikakataa, ikashtuka, ikashika. Nikakanyaga mafuta, na taa nyekundu ikazima. Dainamo inalisha. Nyuma yangu watu wakapaza vigelegele na wimbo wa dini, na mzee alikuja dirishani akanigusa bega. Hakuna tena aliyemtazama dada yangu kwa jicho la kuuliza. Kuanzia siku hiyo mwenye neno na marehemu ni mimi, na mpaka leo ukienda kule watakuonyesha: yule ndiye shemeji aliyekataliwa njiani. Sikujali. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Dada yangu alipanda, akafunga mlango. Nilingoja tuondoke mbele ya basi, kisha nikautema ule mpira mkononi, nikauweka mapajani mwake.

"Ungejiua," nikasema. "Ungetuua wote. Unajua wangekufanya nini pale? Unajua nimedanganya watu wangapi kwa ajili yako? Nililia kama mtoto mbele ya wakwe! Kwa nini?"

Aliushika ule mpira akaunyoosha juu ya goti. "Nilidhani itazima Iganga," akasema. "Betri yake ya zamani isingevuka Iganga. Pale pangekuwa karibu na nyumbani. Wangesema amekataa kuondoka Jinja, wangemrudisha. Wao si ndio wanaosema hivyo? Nilidhani watasikia."

"Kwa hiyo ulitaka akae karibu na wewe. Ndiyo, ni uchungu, nauelewa. Lakini ungesema."

"Nilisema. Ulikuwepo."

Mlima wa Wanale ulikuwa umeanza kuonekana mbele, wa buluu, na injini ilikuwa ikivuta vizuri kuliko ilivyowahi kuvuta.

"Si mimi niliyetaka," dada yangu akasema. "Mimi hata wangemzika wapi ningemfuata kwa miguu. Ni yeye. Hospitali, alipokuwa bado anaweza kusema, alinishika mkono akaniambia nisikubali arudishwe. Alisema watu wake walimkumbuka walipotaka kubebewa mizigo tu, na kwamba maisha yake yote yako Jinja. Aliniapisha. Mimi na yeye, hakuna mtu mwingine. Ningewaambia nani akaniamini? Wangesema mjane anajitungia. Nikaona hawawezi kumsikia mke, lakini gari watalisikia."

Nilihisi mguu wangu unatoka kwenye mafuta wenyewe. Pikapu ikapunguza mwendo. Nyuma yetu basi lilikuwa likiimba.

"Nisimamishe?" nikamwuliza. "Niambie. Nitaizima sasa hivi."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, macho yake yakiwa kwenye mlima. Sote wawili tulijua hesabu ilivyo. Mimi nimekwisha omba msamaha na marehemu amekwisha nisamehe, mbele ya wote, na ushahidi ni kwamba gari linakwenda. Likisimama tena, amebaki mmoja tu wa kuulizwa. Mimi ndiye niliyeufunga ule mlango, kwa machozi yangu na ujanja wangu.

"Watoto," akasema hatimaye. "Endesha, kaka."

Nikaendesha. Tulipita Kamonkoli, tukaingia Mbale, na njia nzima ile taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Hakuna dainamo iliyowahi kulisha betri vizuri namna ile. Walimzika jua likiwa bado juu, kwa heshima zote, kwenye ardhi ya baba zake, pembeni ya migomba. Walipomaliza kufukia, mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili mbele ya kaburi, macho yamemlengalenga, akaniambia, "Asante, shemeji. Bila wewe huyu mtu wetu hangefika nyumbani." Dada yangu alikuwa amesimama kando yangu, na alisikia kila neno.